Mazishi ni ya Ukoo, Dai ni la Nani?

Mhadhara kwa wakazi wa Migori na Homa Bay kuhusu haki ya familia ya kudai fidia baada ya kifo



Ni vigumu kumpata mtu mzima katika Nyanza ambaye hajasikia habari za S.M. Otieno. Wakili huyo alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwao Ngong. Joash Ochieng Ougo, nduguye marehemu, pamoja na ukoo wa Umira Kager wakasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa huku maiti ikilala mochari zaidi ya miezi mitano. Tarehe 23 Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Ukoo ulishinda.

Hukumu hiyo iliingia mioyoni mwa watu kwa nguvu, na wengi wetu tukabaki tukiamini kwamba marehemu ni wa ukoo kwa kila jambo. Sivyo. Ukoo unaweza kushinda kesi ya wapi kaburi lichimbwe. Lakini mtu akiuawa kwa uzembe au ubaya wa mwingine, haki ya kudai fidia kwa kumpoteza si ya ukoo. Ni ya wale waliokula kutoka mkononi mwake: mke au mume, watoto, na wazazi. Kaka aliyesimamia matanga usiku na mchana, akatafuta hema, ng'ombe na magari ya waombolezaji, hayumo katika orodha hiyo. Na muda wa kudai unaanza kuhesabiwa siku ya kifo, wakati hata kaburi halijachimbwa.

Nitakayoyasema leo yote yanatokana na mambo hayo mawili, kwa sababu hapo ndipo familia zetu zinapopotezea haki. Mara nyingi hazishindwi mahakamani. Hazifiki mahakamani kabisa, au hufika zimechelewa, au hufikishwa na mtu asiye na idhini ya kuzifikisha.

Tuanze na swali la kwanza: je, kifo hiki kina dai?

Zamani jibu la sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzazi wa sheria yetu, lilikuwa la kikatili. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker na Bolton, mwanamume mmoja alidai fidia baada ya mkewe kufa kwa ajali ya gari la farasi la abiria. Jaji Ellenborough alisema kwamba katika mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama hasara. Maana yake ni kwamba ukimvunja mtu mguu utamlipa, lakini ukimuua hudaiwi kitu. Reli zilipoanza kuua watu wengi, Bunge la Uingereza likaibadilisha kanuni hiyo mwaka 1846. Sheria yetu ya Vifo vya Ajali, Sura ya 32 ya Sheria za Kenya, ni mjukuu wa sheria ile. Inauliza jambo moja: kama marehemu angejeruhiwa tu akapona, je, angekuwa na haki ya kumshtaki aliyemjeruhi? Kama ndiyo, basi kifo chake hakimwokoi mkosaji. Haijalishi kama kilitokana na uzembe au mtu alikusudia kuua.

Kwa hiyo lazima kuwe na kosa la mtu. Hili ni gumu kumwambia mama aliyefiwa, lakini ni afadhali alisikie mapema. Mvuvi aliyetoka Mbita usiku kuvua omena, dhoruba ikamkuta ziwani ndani ya mashua nzima yenye vifaa vyote, amekufa kifo kichungu, lakini hakuna wa kumdai. Abiria aliyekufa maji akielekea Mfangano katika boti iliyojazwa kupita kiasi, isiyo na maboya ya kuvaa, amekufa kwa kosa la mtu, na mtu huyo ana jina. Mwanabodaboda aliyegonga kwa nyuma trela la miwa lililoachwa gizani barabarani bila taa wala alama, karibu na Awendo, huenda alikuwa na kosa lake la mwendo kasi. Hata hivyo familia yake ina dai, kwa sababu mahakama hugawa lawama kati ya pande mbili. Ikisema marehemu ana lawama ya asilimia 20, fidia itakatwa asilimia 20. Haifutwi yote.

Watu wengi huambiwa kituoni wasubiri kesi ya trafiki au ya mauaji iishe kwanza. Si lazima kusubiri, na kusubiri kuna hatari. Kesi ya jinai ni ya Serikali dhidi ya mshtakiwa, na hapo kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka. Kesi ya madai ni ya familia, na inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito upande wenu. Akiachiliwa, bado mnaweza kushinda. Ila kesi ya jinai inaweza kuchukua miaka minne, na dai lenu lina mitatu tu.

Sasa nirudi kwa wenye dai, maana hapo ndipo penye uzito kwetu sisi watu wa boma na ukoo.

Sheria inasema mke, mume, mzazi na mtoto. Kisha inapanua. Mzazi ni pamoja na babu, nyanya, baba wa kambo na mama wa kambo. Mtoto ni pamoja na mjukuu, mtoto wa kambo, mtoto aliyeasiliwa, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Nyanya wa Kendu Bay aliyekuwa akipokea elfu mbili kila mwezi kutoka kwa mjukuu wake aliye Nairobi yumo. Mtoto ambaye boma halikutaka kumtambua yumo. Wake wawili walioolewa kwa mila wamo wote wawili, ilmradi ndoa zao zithibitishwe. Ndugu na dada hawamo.

Najua jambo hili linavyosikika katika jamii ambayo kaka mkubwa ndiye anayesomesha wadogo zake. Mimi nadhani sheria hii imepitwa na maisha yetu, na Bunge lina kazi ya kufanya hapa. Lakini ndiyo iliyopo, na familia inayokwenda mahakamani ikiwa na orodha ya kaka sita na bila jina la mama mzazi imepoteza kabla ya kuanza.

Liko jambo lingine kuhusu orodha hiyo. Kesi ni moja tu kwa kifo kimoja. Mke wa kwanza akifungua kesi na kumwacha mke wa pili nje, au mjomba akiwaacha watoto wa nje ya ndoa, walioachwa hawawezi kuja baadaye na kesi yao wenyewe. Ndiyo maana hati ya madai lazima itaje kila mtegemezi, umri wake na uhusiano wake na marehemu. Na ndiyo maana ile barua ya chifu inayotaja waliobaki si karatasi ya kuandikwa kwa haraka jioni ya mazishi. Chifu au naibu wake akiacha jina moja, amemnyang'anya mtoto chakula chake. Wazee wa nyumba wanaoitwa kuthibitisha majina wanabeba mzigo huohuo.

Nani basi huipeleka kesi? Msimamizi wa mirathi ya marehemu. Kama hakuna wosia, msimamizi hutokana na mahakama. Hamlazimiki kumaliza mirathi yote, ardhi na ng'ombe na ugomvi wa mipaka, ndipo mshtaki. Ipo hati fupi ya usimamizi inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, ambayo mawakili huiita *ad litem*, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inairuhusu. Hupatikana kwa cheti cha kifo, barua ya chifu na kiapo. Anayeipata anaweza kuwa mjane, mzazi, au hata kaka. Kaka aweza kuibeba kesi, ila matunda yake ni ya wategemezi.

Miezi sita ikipita baada ya kifo bila msimamizi kufungua kesi, au kama hakuna msimamizi kabisa, sheria inamruhusu mtegemezi yeyote afungue kwa jina lake mwenyewe kwa faida ya wote. Mlango huo ni wa dai la wategemezi pekee. Upo mwenzake, dai la mali ya marehemu, lililo chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hilo ni dai ambalo marehemu mwenyewe angekuwa nalo: maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, miaka ya maisha aliyonyang'anywa, na gharama za mazishi. Dai hilo halisimami bila hati ya usimamizi, na Mahakama ya Rufaa ililisema jambo hilo waziwazi mwaka 1993. Ukifungua kesi Januari na hati ikatoka Machi, ya Januari ni batili. Kesi ngapi zimekufa kwa sababu hii! Na zilikuwa kesi nzuri, zenye mashahidi na lori linalojulikana.

Madai haya mawili hufunguliwa pamoja katika kesi moja. Kwa miaka ya maisha iliyopotea, mahakama zetu kwa kawaida hutoa shilingi 100,000 hivi, kiasi kidogo kwa makusudi, kwani hakuna bei ya uhai. Fedha kubwa iko katika dai la wategemezi.

Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Chukueni mfano wa kubuni: mwanabodaboda wa Rongo, mwenye umri wa miaka 30, mke na watoto wawili, aliyekuwa akibaki na shilingi 15,000 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12. Zidisha tena kwa miaka ambayo mahakama inaona angeendelea kufanya kazi, tuseme 25. Kisha chukua sehemu aliyoitumia kwa familia. Kwa mtu mwenye mke na watoto mara nyingi mahakama husema theluthi mbili. Inakuja shilingi 3,000,000. Akionekana alikuwa na lawama ya asilimia 20, zinabaki 2,400,000. Jaji haendi kwa hesabu hii kama roboti. Hupunguza miaka kwa sababu maisha yana hatari zake, na pasipokuwa na hesabu ya kuaminika hutoa kiasi kimoja cha jumla.

Hapo huja swali ambalo mawakili wa bima hulipenda: risiti ziko wapi? Mama aliyeuza samaki wakavu soko la Sori hakuwa na risiti. Mchimba dhahabu wa Macalder hakuwa na hati ya mshahara. Mkata miwa alilipwa mkononi. Kwa miaka mingi familia kama hizi zilitoka mahakamani na fedha kidogo kwa sababu hazikuwa na karatasi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa fikra hiyo. Ilisema kwamba kudai vyeti na nyaraka kuwa njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato ni kuwadhulumu Wakenya wengi wasio na elimu na wasioweka kumbukumbu, lakini wanaojipatia riziki yao kwa njia mbalimbali. Naiona kuwa moja ya hukumu za haki zaidi kuwahi kutolewa kwa watu wa chini katika nchi hii. Ushahidi wa mke, wa mwenye shimo, wa mwenyekiti wa ufuo, wa aliyenunua samaki wake kila Jumatatu, pamoja na kumbukumbu za M-Pesa, ni ushahidi. Pasipo hata hayo, mahakama huweza kutumia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali.

Vivyo hivyo kwa gharama za mazishi. Mwaka 2013, katika kesi iliyoihusu Premier Dairy, Mahakama ya Rufaa ilisema si haki kutazamia wafiwa wahangaikie risiti wakati mpendwa wao amelala mochari. Hata hivyo, mkiwa na risiti ya jeneza na ya gari, iwekeni.

Na mtoto akifa? Mtoto ambaye hakuwa na kipato, wazazi watadai nini? Katika kesi ya Kenya Breweries ya mwaka 1991, Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba wazazi wana haki ya fidia hata kwa kifo cha mtoto mdogo. Miaka mitano kabla yake mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali jambo ambalo kila mtu hapa analijua bila kwenda shule: kwetu mtoto husaidia wazazi uzeeni, na matumaini hayo yana thamani. Baba ambaye mwanawe wa kidato cha pili amegongwa akivuka barabara ya Kisii kwenda Migori asiambiwe kwamba hana dai kwa kuwa kijana alikuwa bado anasoma.

Sasa muda. Kwa dai la kawaida ni miaka mitatu tangu siku ya kifo. Mkiishtaki Serikali, kwa gari la polisi au kwa kosa la mtumishi wa wizara, Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12. Kwa kosa lililotokea katika hospitali ya kaunti, wakili mwangalifu hahesabu miaka mitatu. Huhesabu hiyo miezi 12 kwa tahadhari. Ipo ruhusa ya kufungua kesi nje ya muda, lakini ni nyembamba sana. Mlango wake ni kwa mtu ambaye mambo ya msingi yalifichika kwake. Kutojua sheria si sababu, na huzuni si sababu.

Fikirini jinsi muda huo unavyokwenda katika boma zetu. Wiki tatu za maandalizi na mazishi. Mwaka wa kwanza wa mjane kukaa nyumbani na kunyamaza. Ugomvi wa nani atashika kitambulisho na simu ya marehemu. Mwaka wa pili wa kutafuta karo. Kisha mtu anasikia kwamba jirani amelipwa, ndipo wanaamka, na imebaki miezi miwili. Sikosoi mazishi yetu. Heshima tunayowapa wafu wetu ni sehemu ya utu wetu. Nataka tu siku hizo hizo za matanga, wakati watu wote wamekusanyika na mashahidi wako karibu, vijana wawili wanaoaminika watumwe kituoni kuchukua abstrakti ya polisi, wapige picha stika ya bima ya gari na namba zake, waandike simu za walioshuhudia, na wahakikishe upasuaji wa maiti umefanywa kabla ya mazishi. Maiti ikishazikwa bila uchunguzi, kuifukua ni amri ya mahakama, na ni kidonda kipya. Kwa lori lililovuka kutoka Sirari, pigeni picha ya kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ipo katika mpango huo wa bima, na bila nambari ya kadi mtakuwa mnamfuata mdaiwa aliyeko nchi nyingine.

Nasikia mtu akiuliza moyoni: mwenye gari alikuja mazishini akatoa laki moja, je, yameisha? Inategemea mlichotia sahihi. Mchango wa rambirambi ni mchango. Lakini ikiwa mlitia sahihi hati ya kusema mmepokea malipo kamili na mmeachilia madai yote, mdaiwa ataileta mahakamani. Msitie sahihi karatasi yoyote ya mwenye gari, ya mwajiri au ya bima katika wiki za msiba. Hata kama mnaheshimu wakala aliyeileta, hata kama ni jirani.

Na wako madalali. Hufika hospitali kabla ya ndugu, hufika kaburini na fomu. Wengine wanatumwa na mawakili, wengine wanajitegemea, na wengine hushirikiana kutunga ajali ambazo hazikutokea, jambo linalowafanya mahakimu wawe na shaka hata na wajane wa kweli. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inasema wakili hawezi kununua sehemu ya dai la mteja wake, wala makubaliano ya kwamba atalipwa kwa fungu la fidia iwapo kesi itashinda hayana nguvu. Malipo yake yanapimwa kwa kanuni za malipo ya mawakili. Akiwaambia anachukua theluthi, muulizeni ni kifungu gani kinachomruhusu.

Fidia yenyewe ikishaamuliwa, gari likiwa na bima, kampuni ya bima hulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa kila mtu. Zaidi ya hapo mnamfuata mwenye gari mwenyewe. Kampuni lazima ipewe notisi ya kesi mapema. Ikikosa notisi, inaweza kukataa kulipa hukumu mliyoshinda. Mahakama za mahakimu za Migori, Rongo, Kehancha, Homa Bay, Oyugis, Mbita na Ndhiwa husikiliza madai haya kulingana na cheo cha hakimu na kiasi kinachodaiwa, hadi shilingi 20,000,000 kwa hakimu mkuu.

Si kila kifo hupitia njia hii. Aliyekufa kazini ana Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007, ambayo haimwulizi mjane athibitishe uzembe wa mwajiri. Fidia yake ni mshahara wa miezi 96, na dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo. Machimbo ya Nyatike ndiyo yanayonisumbua. Mwenye shimo husema wachimbaji si wafanyakazi wake, kwamba wanagawana mawe tu. Familia isikubali maneno hayo kirahisi. Aliyewaamuru waingie, aliyetoa kamba na nguzo, aliyechukua fungu kubwa, mahakama inaweza kumtazama kwa jicho la mwajiri, na mwenye ardhi naye ana wajibu kwa wanaoingia kwake.

Aliyeuawa na kiboko au mamba ufuoni mwa Karachuonyo au Suba hana wa kumlaumu, lakini familia yake ina dai. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa kifo. Inaanzia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kamati ya kaunti. Malipo huchelewa mno, na ucheleweshaji huo ni aibu ya taifa. Hata hivyo andikisheni kifo mara moja, maana asiyeandikishwa hana hata foleni ya kusimama.

Nimeliacha hadi sasa, kwa makusudi, jambo lililowaumiza watu wa Homa Bay kuliko yote ya karibuni. Mwezi Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi. Akapelekwa kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Tarehe 8 Juni alikuwa ameshafariki. Polisi walisema amejigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti. Maafisa wa polisi na raia walishtakiwa kwa mauaji wakakana mashtaka, na ni mahakama itakayoamua. Tarehe 4 Julai alizikwa Homa Bay. Aliacha mke, mtoto mdogo, na wazazi ambao yeye ndiye aliyekuwa mwana wao pekee.

Kifo mikononi mwa polisi kina milango kadhaa, na kuufungua mmoja hakufungi mwingine. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, huchunguza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hushtaki. Wategemezi wana dai lao la fidia, lenye ile miezi 12. Na ipo Katiba ya 2010: Kifungu cha 26 kinalinda uhai, cha 25 kinasema uhuru dhidi ya mateso hauwezi kuwekewa mipaka, na cha 23 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru fidia. Ombi la kikatiba halikuwekewa muda maalumu, ingawa jaji atauliza kwa nini mlichelewa. Zaidi ya hapo, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine au chama kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza. Hapa basi ukoo, kanisa, chama cha walimu na jumuiya ya haki za binadamu wanaweza kusimama pamoja na mjane, jambo ambalo ile Sura ya 32 haiwaruhusu. Rambirambi za viongozi, hata zikiwa milioni, hazifuti lolote kati ya hayo mpaka mtu aliye na haki atie sahihi kwamba ameachilia.

Nimalizie na fedha zenyewe, kwani ziko boma ambazo zilishinda kesi zikabaki na mjane maskini.

Hukumu ya kesi ya wategemezi huamua nani apate kiasi gani. Fungu la mtoto mdogo huhifadhiwa, mara nyingi katika akaunti au uwekezaji unaosimamiwa kwa amri ya mahakama, mpaka afikishe miaka 18. Mama akihitaji karo au matibabu kabla ya hapo, hurudi kwa hakimu na ombi fupi. Wakili hupokea fedha kwa niaba ya mteja na lazima amwonyeshe hesabu. Msimamizi wa mirathi, awe kaka, shemeji au baba mkwe, anashika mali ya wengine. Sheria ya Urithi inamlazimu kutoa hesabu kamili mahakama inapoitaka, naye anaweza kuondolewa na kuamriwa alipe alichokula. Baraza la ukoo halina mamlaka ya kugawa upya kilichogawanywa na mahakama. Mjane akikataa kurithiwa, fungu lake ni lake. Akihama boma na watoto wake kwenda Awendo kupanga chumba na kuuza mitumba, fungu lake linamfuata. Na akizuiwa kulipata, aende katika mahakama ileile iliyotoa hati ya usimamizi, na nambari ya kesi mkononi, aombe hesabu itolewe kwa kiapo.